Miaka Minne Iliyobaki Masjala

Kumb. Na. DD/01/2024

Kiomboi,
Jumapili, 1 Septemba 2024.

Kwa Dada Scholastika,
Itigi.

YAH: OMBI LA USHAURI KUHUSU KUONDOKA KAZINI KABLA YA WAKATI

Dada, shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla sijafika huko, afya yako inaendeleaje? Magoti je? Na mizinga imesalimika na ule moto wa mwezi uliopita? Sisi huku hatujambo. Magdalena anakusalimia sana, anasema asali uliyotuma imeisha na ndoo ameshaiosha. Nadhani umemwelewa.

Najua unaicheka hiyo Kumb. Na. Cheka tu. Mtu aliyekaa masjala miaka thelathini na mitano akitunza majalada ya watumishi hawezi kuandika barua bila namba, mkono unakataa. Utasema pia kwamba ningepiga simu, lakini msimamo wangu unaujua: simu haina nakala. Jambo kubwa linaandikwa.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi tuliitwa ukumbini sisi tuliofikisha miaka hamsini na mitano, ambao kazi zetu zinamezwa na kompyuta. Tumepewa hiari. Anayetaka kuondoka sasa aondoke, atapata mafao yake kama mtu aliyemaliza salama. Asiyetaka atabaki mpaka sitini, atafundishwa huo mfumo mpya, na atapangiwa kazi yoyote itakayoonekana. Fomu zirudishwe kabla ya Ijumaa, tarehe 29 Novemba. Ukishasaini hakuna kurudi nyuma.

Mimi nina hamsini na sita, kwa hiyo imebaki miaka minne. Nimemuuliza Magdalena, akasema nichague ninachotaka ila nisikae nyumbani nimevaa suruali ya ofisini namtazama anavyochambua mchicha. Huo ndio ushauri niliopata mpaka sasa. Baba na mama wakiwa hawapo, mkubwa wangu ni wewe. Naomba neno lako.

Mdogo wako,
Nathanaeli.


Itigi,
12 Septemba 2024.

Mdogo wangu Nathanaeli,

Marahaba. Barua imefika, kondakta aliiacha dukani kwa Shamte, na mkewe Johari akaniletea mpaka mlangoni. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Magoti yapo, hayajahama. Moto uliishia ng'ambo ya barabara, mizinga yangu minane haijaguswa. Mwambie Magdalena ndoo aiweke juani, nimemwelewa.

Nimecheka hiyo namba yako mpaka nikakohoa. Sasa nimefika kwenye kichwa cha habari hapo juu, na jibu langu ni hapana.

Nathanaeli, serikali haijakufukuza, wewe unataka kujifukuza? Kompyuta ni nini? Hapa Itigi hata mkatisha tiketi wa treni anaibonyeza, na yule nilimfundisha mimi katekisimu, akili yake naijua. Ukikaa nyumbani sasa hivi utampangia Magdalena sufuria kwa namba na vijiko utavifungulia rejesta. Mwezi mmoja tu atakurudisha kwetu.

Ulipopata kazi ile nilizunguka kwa majirani wiki nzima nikitangaza. Mpaka leo kanisani wananiita dada wa mtu wa ofisini. Maliza. Fika sitini, upewe mkono, upigwe picha, watu wale ubwabwa. Ndipo uje huku tule asali. Usisaini kitu.

Dada yako,
Scholastika.


Kumb. Na. DD/02/2024

Kiomboi,
Jumapili, 29 Septemba 2024.

YAH: UFAFANUZI

Dada, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi wazima, isipokuwa Magdalena aliyechekeshwa na hayo ya vijiko, na sasa kila nikishika kijiko ananiuliza namba yake.

Naomba nikueleze vizuri, maana ukisikia masjala unadhani ni chumba cha karatasi tu. Kila mtumishi ana jalada lake, na kila karatasi ndani yake ina namba. Akiajiriwa naanzisha jalada, akipanda cheo naongeza karatasi, akistaafu nalifunga. Yule Fabiano dereva, aliyekuletea magunia ya mahindi mwaka ule wa ukame, aliondoka kwa hiari akiwa na hamsini na saba. Mwaka haukuisha wakaniletea cheti chake cha kifo nikiweke. Nililifungua jalada lake, nikatia karatasi moja, nikalifunga tena. Si yeye peke yake. Dada, nimeyafunga mengi ya namna hiyo, na sasa naogopa. Najiuliza kama mtu huyu ninayemnyoa ndevu kila asubuhi yupo hata siku ambayo haendi kazini.

Upande wa pili nao una yake. Wametuletea afisa mpya, binti anaitwa Janeth, kazi yake ni kuyapiga picha majalada yote yaingie kwenye kompyuta. Binti mzuri, ana heshima, shikamoo yake haikosi. Lakini mimi nikikaa mbele ya ile mashine vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Nywila, yaani lile neno la siri, nimelisahau mara nne. Mara ya nne Janeth aliniandikia kwenye kikaratasi, akakikunja, akanipa kwa jinsi mtu anavyompa baba yake dawa. Hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

Halafu wiki iliyopita akaja Mwalimu Severina, anafuatilia mafao, na barua yake ya ajira ya mwaka 1984 haionekani. Janeth kaitafuta siku mbili. Mimi nikainuka nikaenda shelfu ya mwisho, nikavuta jalada la mtu mwingine kabisa. Nakumbuka Severina alipoolewa alianza kutumia jina la mumewe, na karani wa wakati ule akazipeleka karatasi zake kwa mwalimu mwingine mwenye jina kama hilo. Barua ilikuwepo. Mwalimu alilia. Janeth akaniuliza, "Mzee, na hayo yaliyo kichwani mwako tutayapigaje picha?"

Sasa niambie. Mtu wa hivyo aondoke au abaki?

Mdogo wako,
Nathanaeli.


Itigi,
17 Oktoba 2024.

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi huku wazima. Umeuliza, na umejijibu mwenyewe. Binti wa watu anakuhitaji, walimu wanakuhitaji, basi kaa. Habari za Fabiano nimesikitika, lakini Fabiano alikuwa anakunywa sana, usijilinganishe naye.

Usisaini. Nimesema. Tusirudie tena maneno haya.

Dada yako,
Scholastika.


Kumb. Na. DD/03/2024

Kiomboi,
Jumapili, 20 Oktoba 2024.

YAH: MWANDIKO

Dada, shikamoo. Barua yako ya tarehe 17 nimeipokea jana. Nimeisoma mara tatu, mara mbili maneno na mara moja mwandiko.

Nani ameiandika? Usiniambie ni wewe. Watu wamewahi kuniletea barua za ruhusa walizojiandikia wenyewe, nikazirudisha kwa kutazama herufi moja. Wewe unalaza herufi upande wa kushoto, na tangu ulipoachia shule darasa la nne hujaweka nukta juu ya i hata moja. Barua hii ina nukta zote. Tena imeandikwa na mtu aliyezoea kuandika majina ya wadaiwa wa dukani, maana kila mstari unaanza na herufi kubwa.

Na ni fupi. Dada yangu hajawahi kuniandikia barua isiyo na utani, hata ile ya msiba wa shemeji ilikuwa na utani. Una nini? Naomba jibu la kweli. Hili ni ombi rasmi.

Mdogo wako,
Nathanaeli.


Itigi,
2 Novemba 2024.

Mdogo wangu Nathanaeli,

Marahaba. Polisi wamekosa mtu. Ni Johari anaandika, na anasema yeye hana wadaiwa, watu wote wamemlipa. Anasema uongo, lakini ameandika hivyo hivyo nilivyomwambia.

Macho, mdogo wangu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Nilianza kuona ukungu tangu mwaka jana, nikadhani ni moshi wa kurina asali. Barua yako ya kwanza niliisoma kwa kuipeleka kwenye mwanga wa mlango, mstari mmoja mmoja, na ile niliyokujibu ilinichukua siku mbili. Baada ya hapo nikashindwa. Nikimimina chai naitia kidole ndani ya kikombe kujua imefika wapi. Juzi niliisalimia nguo iliyoanikwa, nikaiuliza na habari za watoto.

Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungesema unaacha kazi kwa ajili ya dada anayepofuka, na mimi sitaki kuwa karatasi ya mwisho kwenye jalada lako. Watanifanyia upasuaji hospitali ya misheni tarehe 12, jicho la kulia kwanza. Wanasema ni jambo dogo. Usije.

Dada yako,
Scholastika.


Kumb. Na. DD/04/2024

Kiomboi,
Jumatatu, 18 Novemba 2024.

Dada, shikamoo. Natumaini jicho linaendelea vizuri, na kwamba Johari anakutia yale matone matatu kwa siku na si moja asubuhi na mawili akikumbuka.

Uliniambia nisije nikaja, na hukunifukuza, nashukuru. Siku zile tano nilizokaa kwako tulizungumza yote. Tulizungumza nyuki, tukazungumza marehemu shemeji na kazi yake ya reli, tukamsengenya hata padre. Jambo la fomu hatukuligusa. Kila nilipotaka kufungua mdomo ulikuwa umefumba macho na ile bandeji, nami nikaona si uungwana kumsumbua mtu asiyeweza kunikazia macho. Ngoja niandike.

Nataka kuondoka, Dada. Hapo nimesema. Si kwa ajili ya macho yako, ingawa nilipokushika mkono kukuvusha kizingiti nilijiuliza nafanya nini Kiomboi. Nataka kuondoka kwa sababu nimechoka. Nimeshamwambia Janeth nitamwonyesha kila shelfu na kila kosa ninalolikumbuka, ameanza kuandika kwenye daftari, amefika ukurasa wa arobaini. Akimaliza, pale sitabaki na kazi nyingine zaidi ya kusahau nywila. Tumbo linaniuma kila Jumatatu asubuhi. Leo pia.

Fomu ninayo hapa mezani, sijaijaza. Kinachonizuia ni wewe, tena si kwa sababu umesema hapana. Nimeshapuuza hapana zako nyingi, unajua. Nakumbuka baba alivyokataa nisisome, na wewe ukanishika mkono ukanipeleka. Ukakataa posa mbili ili nipate sare na daftari, mpaka watu wakasema utazeekea nyumbani. Uliolewa na shemeji mimi nikiwa kidato cha kwanza, na bado asali yako ndiyo iliyonifikisha kidato cha nne. Kazi hii umeipika wewe. Sasa ninyanyuke wakati miaka minne bado iko kwenye sahani, nikurudishie sahani ikiwa na chakula? Naona aibu. Aibu kweli, Dada, mpaka kalamu haitembei.

Zimebaki siku kumi na moja. Nisipopata neno lako nitabaki kazini. Nitavumilia.

Mdogo wako,
Nathanaeli.


Itigi,
25 Novemba 2024.

Mdogo wangu Nathanaeli,

Marahaba. Bandeji imetolewa. Jana nimemwona Johari usoni vizuri, nimegundua amezeeka kama mimi, tumefurahi wote wawili. Barua hii naiandika mwenyewe kwa jicho moja, mistari inapanda mlima, utanisamehe. Haya si maneno ya kumpa Johari ayaandike. Yeye ataibeba tu mpaka Singida anakofuata mzigo, aikabidhi basi la Kiomboi mwenyewe, ikuwahi.

Barua yako Johari alinisomea, alipofika kwenye hiyo aibu yako nikamwambia basi, niachie. Sijala vizuri tangu siku ile.

Unakumbuka nilikushika mkono nikakupeleka shule. Hukumbuki nilichosema tulipofika. Ilikuwa Januari 1976. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha alikuwa amewarudisha watoto wawili mbele yetu, amesema wamezidi umri, wakasome na watu wazima. Walikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa na kumi, na Aprili ulikuwa unatimiza kumi na moja, kwa sababu baba alikuacha machungani mpaka ukapitwa. Lakini njaa ya sabini na nne ilikuwa imekuacha mdogo, shati la mtoto wa miaka sita lilikutosha. Mwalimu akakutazama, akaniuliza huyu ana miaka mingapi. Nikasema saba. Akaniuliza amezaliwa mwaka gani, nikatoa kichwani harakaharaka, nikamwambia sitini na nane. Akaandika. Karatasi zako zote, za shule na za kazi, zimezaliwa na ile.

Umezaliwa Aprili 1965. Sibahatishi. Cheti changu cha kipaimara kipo sandukuni, kina tarehe ya Septemba mwaka huo, na siku ile mama alikuja kanisani na wewe mgongoni, una miezi mitano. Ulilia mpaka Baba Askofu akasimamisha mahubiri.

Nimelinyamazia jambo hili miaka arobaini na minane. Barua yako ya kwanza ilipofika niliogopa sana. Nilidhani mtu akiomba kuondoka watafukua karatasi zake zote, watakutana na uongo wangu, watakufukuza mikono mitupu na pengine wakufunge. Ndiyo maana nilisema hapana. Ulivyorudia kuuliza ndivyo nilivyozidi kuwa mkali. Ubwabwa na picha nilivisema tu, mdogo wangu. Ilikuwa hofu. Nakuomba msamaha.

Lakini nimeona sasa hofu yangu inataka kukuweka pale mpaka uugue, na wewe unanishukuru juu yake. Hapana. Fanya hesabu, wewe ndiye uliyesoma. Aprili ijayo unatimiza sitini. Hiyo miaka minne unayoilia, mitatu na zaidi si yako, niliiokota mimi kwa mwalimu. Sahani yako umeila yote na umeilamba. Ukibaki utakuwa unakula ya mwenzio.

Mtu akikuuliza, mwambie ni dada yako aliyedanganya, yuko Itigi, nyumba ya tatu kutoka dukani kwa Shamte, jicho moja linaona. Aje aniulize mimi.

Huondoki mapema. Saini, Nathanaeli.

Dada yako,
Scholastika.


Kiomboi,
Ijumaa, 29 Novemba 2024.

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana jioni stendi. Niliisoma nimesimama, nikacheka peke yangu mpaka mpiga debe akaniuliza mzee vipi, halafu nikaanza kulia, akanitafutia kiti. Sina hasira na wewe hata kidogo. Nimeamka leo nina miaka hamsini na tisa na nimejisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa na hamsini na sita. Magdalena anasema alikuwa anajua siku zote kwamba ameolewa na mzee.

Miaka thelathini na mitano nimekaa nikijivuna kwamba hakuna karatasi ya mtu isiyo mahali pake, na ya kwangu ndiyo ilikuwa na kosa kuliko zote. Tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu nimeiandika ileile ya mwalimu, kama mwizi. Nimekaa nayo tangu alfajiri. Jumatatu nitamweleza Janeth, tuone utaratibu ni upi, maana siwezi kumwachia binti yule daftari la makosa ya wenzangu halafu nifiche la kwangu. Usiogope. Wanaojua kurekebisha mambo haya ni sisi wenyewe wa masjala.

Fomu nimeirudisha saa nne asubuhi, ina saini. Pale chini kuna mstari unaouliza sababu ya kuondoka kabla ya wakati. Nimeandika neno moja tu, "Nimemaliza." Afisa aliyeipokea alilisoma, akaniuliza nimemaliza nini. Nikamwambia kazi.

Mdogo wako,
Nathanaeli.